Alama Nyekundu, Chini Kulia

Flashi aliifunga kwenye leso, mafundo matatu,
kama hela ya mahari.
Akayafungua moja moja mezani kwangu,
Barabara ya Nane, Ngamiani, duka la chapa
lenye feni moja, na hiyo moja inanung'unika.
"Kitabu changu kimo humu," akasema Mzee Tweve.
"Kimimine."

Sikumfundisha mimi neno hilo.
Ndivyo tusemavyo sisi wa kazi hii: kumimina.

Kiolezo nilishakiandaa:
kurasa sitini na nne, hazizidi,
maana ndizo alizolipia, nusu taslimu, nusu ahadi.
Ukurasa mama umebeba pambizo,
kurasa wana wamerithi bila ugomvi,
na kila kisanduku nimekiunga na mwenzake
kwa uzi usioonekana,
ili neno likikosa nafasi hapa
likapige hodi pale.

Nikabofya.
Wallahi naipenda dakika hiyo.
Miaka tisa ya mzee, iliyoandikwa kwa kidole kimoja
kwenye simu ya mjukuu,
ikashuka kama bomba lililokatika tangu Jumatatu:
ukurasa wa tatu, wa tisa,
korona inasaga mkonge ukurasa wa ishirini,
mama yake anazikwa ukurasa wa thelathini na moja,
mstari mmoja tu, sijui kwa nini mmoja,
hadi sitini na nne, na pale chini kulia
ikasimama alama nyekundu ya kujumlisha.

Ndogo, haifiki punje ya ulezi.
Maana yake: wapo waliobaki mlangoni.
Hawajafutwa. Hawaonekani tu.
Ukichapa hivyo hivyo, karatasi haitalia.

Nikapunguza herufi nusu pointi. Nikabana mistari.
Nikala pambizo mpaka kidole gumba cha msomaji
kikakosa pa kushika.
Nyekundu ipo.
"Mzee, tukate mwisho. Ni orodha tu."

Akavuta kiti. Akavaa miwani yenye mkono wa uzi.
Nikamfungulia kilichofichika.
Ilikuwa orodha ya manamba,
waliotoka kwao kwa mkataba, kambi namba sita,
kila mtu na namba aliyoitiwa siku ya mshahara.
Akaweka ukucha kwenye kioo.
"Huyu wa tatu nani?"
"Si ndiye Ndelwa Tweve?"
"Babangu hakuwa wa tatu, Mwanamkuu.
Babangu alikuwa elfu nne mia moja na kumi na saba.
Umri wake hakuujua. Hiyo aliijua."

Mashine ilidhani inasaidia.
Ikiona namba mwanzo wa mstari huzipanga upya,
moja, mbili, tatu, haiulizi,
kama karani mgeni na wino mpya.
Nami nilikuwa nimeipita, macho yangu
yote yako kwenye ile nyekundu.

Nikauzima msaada wake.
Nikarudi kwenye faili lake, nikaingiza upya,
orodha peke yake, kila namba ni neno, si hesabu:

4117 Ndelwa Tweve
4118
4122 Saidi wa Songea, yule mrefu
4130 Mpangala, alirudi kwao (wanasema)

Mahali pa kuwaweka? Kurasa zimekwisha.
Lakini jalada lina upande wa ndani, mweupe,
ambao wachapaji tunauacha kama ukuta wa uani.
Ukurasa mama hafiki huko.
Hakuna namba ya ukurasa, hakuna pambizo ya kurithi.
Nikachora kisanduku kwa mkono, mbele na nyuma,
wakaenea wote mia na sita.
Huko sikumtoza.

Nyekundu ikazimika. Feni ikanung'unika.
Mzee akawasoma kwa ukucha, midomo inacheza,
akafika elfu nne mia moja na kumi na nane, akakaa.
"Hapa pamekosa jina," nikasema. "Nisogeze wa chini wapande?"
"Jina lake sikulipata," akasema.
"Usimpandishe mtu juu yake."

Akafunga flashi, fundo moja safari hii.
Ile nusu ya ahadi bado namdai.